Kutoka Access hadi kivinjari: jinsi programu ya takwimu za afya ilivyohama Windows

Mama mjamzito wa Pasiansi akienda kliniki mwezi huu, habari zake zitaandikwa kwa kalamu kwenye kitabu cha MTUHA, kile kikubwa chenye safu nyingi mpaka kinakaribia kumaliza meza. Mwisho wa mwezi mhudumu atahesabu mistari, atajaza fomu ya muhtasari, na namba zile zitaingizwa kwenye mfumo unaoitwa DHIS2. Kuanzia hapo zinaonekana Ilemela, zinaonekana mkoani, zinaonekana wizarani. Aliyeziingiza huenda alitumia kompyuta yenye Windows, au laptopu yenye Ubuntu, au tableti. Hakuna anayeuliza. Ukiuliza wewe, watakushangaa.

Leo nataka tuzungumze juu ya huko kutouliza. Ni jambo ambalo halikuwepo. Miaka 20 na kitu iliyopita swali la kwanza lilikuwa hilo hilo: una Windows? Una Office? Toleo gani? Kama huna, basi, takwimu zako zitabaki kwenye karatasi. Kufika hapa ilibidi programu nzima ivunjwe na kujengwa upya, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea katika nchi zetu za Afrika, si Silicon Valley.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Mtu anayetengeneza programu haanzi na mchanga na maji. Anachukua kiunzi, au fremuwaki kama tunavyosema vyuoni: mkusanyiko wa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, kama vile namna ya kuchora fomu kwenye kioo, namna ya kuongea na hifadhidata, namna ya kutoa ripoti. Yeye anaongeza yale ya kwake tu. Kwa hiyo programu yake inaegemea kiunzi, na kiunzi kinaegemea mfumo endeshi, yaani Windows, Linux, macOS au Android. Ukitaka kuihamishia programu kwenye mfumo endeshi mwingine, swali si kama wewe uko tayari kuhama. Swali ni kama kiunzi chako kimekwisha kuhama. Kama hakijahama, umekwama nacho.

Sasa turudi Cape Town, mwaka 1994. Ubaguzi wa rangi umekwisha kisheria, na serikali mpya inarithi wizara ya afya iliyokatwa vipande 14. Kila kipande kilikuwa na fomu zake, tarehe zake na maana yake ya neno "mgonjwa". Hapo ndipo ulipoanza mradi wa HISP, ukiwaunganisha watafiti wa vyuo vikuu na wanaharakati wa afya. Majina mawili utakayokutana nayo sana ukisoma historia hii ni Jørn Braa kutoka Norwei na Calle Hedberg kutoka Sweden. Wazo lao lilikuwa rahisi kulisema lakini gumu kulitekeleza: takwimu zitumike kwanza na wilaya inayozikusanya, ndipo ziende juu. Nesi asiwe karani wa wizara. Aone namba zake mwenyewe, ajue chanjo zimeshuka wapi.

Chombo walichokichagua kilikuwa Microsoft Access, pamoja na lugha yake ya Visual Basic. Leo ukimtajia Access mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anacheka. Asicheke haraka. Access ilitoka mwaka 1992, na katikati ya miaka ile ya 1990 ilikuwa kiunzi cha maana kweli kwa kazi ndogo: fomu, hifadhidata na ripoti vyote ndani ya faili moja, bila seva wala mtandao. Unakaa na afisa takwimu wa wilaya, anasema "hapa naomba safu ya watoto chini ya mwaka mmoja", unaiongeza mbele ya macho yake, anaitumia mchana huo huo. Toleo la kwanza la DHIS lilijengwa hivyo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa limeenea majimbo yote ya Afrika Kusini. Likavuka mipaka likafika Msumbiji, Malawi, India. Hapa kwetu, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliingia kwenye mtandao huo wa HISP miaka hiyo hiyo, na Zanzibar ikaanza kutumia toleo la Access katikati ya muongo.

Na si wao peke yao. Jirani zetu Kenya, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mwaka 2001 mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Walitumia nini? Access. Timu mbili zilizofanya kazi mbali mbali, moja ikihesabu wilaya na nyingine ikifuatilia mgonjwa mmoja mmoja, zikaangukia kiunzi kile kile. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Kilikuwa rahisi, na kilikuwa tayari ndani ya kompyuta za ofisi walizozikuta.

Tatizo lilikuja pale programu hizi zilipofanikiwa.

DHIS yenyewe ilitolewa bure. Lakini ilikuwa bure kama vile ukipewa gari bure na petroli inauzwa kwenye kituo kimoja tu nchini. Kila kompyuta ilihitaji Windows, na kila Windows ilihitaji Office yenye Access ndani yake, na Access ile iwe ya toleo linaloelewana na la wilaya ya jirani. Zidisha hiyo kwa wilaya zote za nchi maskini. Unajua mwenyewe ilivyokuwa ikiishia: CD ya kuazima, na namba ya leseni iliyoandikwa kwa peni juu ya bahasha. Na kompyuta hizo hazikuwa na intaneti, kwa hiyo data ilisafiri kwa flopi na baadaye kwa flashi, na virusi vya Windows vikasafiri nayo.

Kulikuwa na ukuta mwingine uliokuwa mgumu zaidi kuliko bei. Faili ya Access ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi ndogo. Ukitaka nchi nzima iandike kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja, inasuasua. Na Access ilikuwa haiendi kokote nje ya Windows. Microsoft walipeleka Word na Excel kwenye kompyuta za Apple, lakini Access hawakuipeleka hata huko, achilia mbali Linux. Mwenye kiunzi hakuwa na sababu ya kukihamisha.

Basi ufanye nini pale mwenye kiunzi anapogoma? Njia mojawapo ni kuiga. Mradi wa Wine, uliokuwepo tangu 1993, ulijaribu kufundisha Linux kujibu maombi ya programu za Windows kana kwamba yenyewe ni Windows. Ni kazi ya subira ya ajabu, maana unaiga kitu ambacho hujaoneshwa ndani yake. Njia ya namna hiyo hiyo ilichukuliwa na Miguel de Icaza, kijana wa Mexico, baada ya Microsoft kutangaza kiunzi chao kipya cha .NET. Mwaka 2001 akatangaza mradi wa Mono: kuandika .NET upya, kwa programu huria, ili ifanye kazi kwenye Linux. Mono 1.0 ilitoka Juni 2004. Wengine walimshangilia, wengine walimwona kama anayejenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu. Microsoft wenyewe walichukua muda mrefu kukubali: mwishoni mwa 2014 walitangaza .NET ya programu huria, na .NET Core 1.0, iliyoendesha Windows, Linux na macOS kwa baraka zao, ilitoka Juni 2016. Hesabu mwenyewe miaka aliyosubiri mtu aliyekuwa na wilaya 100 za kuhudumia.

Wa DHIS hawakusubiri. Waliacha kiunzi chenyewe.

Feri na gari

Mwaka 2004 watu wa HISP katika Chuo Kikuu cha Oslo walianza kuiandika DHIS upya kabisa kwa Java. Ili uelewe kwa nini Java, acha nikukumbushe Kigongo na Busisi. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, gari la kutoka Mwanza kwenda Geita au Sengerema lilivuka kwa feri. Dereva hakulazimika kubadilisha matairi yawe makasia. Gari lilipanda, feri ikafanya kazi ya maji, gari likashuka upande wa pili likiwa lile lile.

Java iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, chini ya James Gosling, ilifanya jambo la namna hiyo. Kwa kawaida ukimaliza kuandika programu, unaigeuza iwe amri za kompyuta fulani yenye mfumo endeshi fulani. Java inaigeuza iwe lugha ya kati, baitikodi, ambayo hakuna kompyuta halisi inayoizungumza. Kisha kwa kila mfumo endeshi panatengenezwa programu nyingine, mashine pepe ya Java, ambayo kazi yake ni kusoma baitikodi na kuifanya iwe vitendo mahali pale ilipo. Mashine pepe ndiyo feri. Kazi yote ngumu ya kuhama inafanywa mara moja na wajenzi wa feri, na wenye magari maelfu wanafaidika.

Unaona sasa ni kwa nini Sun na Microsoft waligombana. Microsoft walitengeneza Java yao iliyoongezewa vitu vya Windows tu. Yaani gari linaloonekana kama magari mengine lakini likishuka feri upande wa pili haliwaki. Sun wakaenda mahakamani mwaka 1997, na kesi ikaisha kwa mapatano Januari 2001. Yule anayefaidika watu wakibaki ng'ambo moja hana haja ya feri nzuri.

Lakini mashine pepe peke yake haitoshi, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapodanganywa na tangazo la "andika mara moja, endesha popote". Hata ukiwa na Java, Windows inaona Ripoti.txt na ripoti.txt kuwa faili moja, Linux inaona mbili. Windows inatenganisha mafolda kwa mkwaju unaoegemea upande mmoja, Linux kwa ule wa upande mwingine. Hifadhidata nazo zina lafudhi: zote zinadai zinaongea SQL, lakini namna PostgreSQL inavyotaka tarehe si lazima iwe namna ya MySQL. Kwa hiyo juu ya Java, DHIS2 iliweka viunzi viwili vipya vya wakati ule: Hibernate, iliyoanza 2001 kama mkalimani kati ya programu na hifadhidata, na Spring, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Machi 2004 na kazi yake ni kuunganisha vipande vya programu kubwa bila kuvikaza pamoja kama saruji. Na kioo cha mtumiaji kikahamishwa kutoka fomu za Access kwenda kwenye kivinjari. Uamuzi huo wa mwisho ulionekana mdogo. Baadaye utaona.

Toleo la kwanza lilianza kutumika mwaka 2006, katika jimbo la Kerala, India. Kwa nini Kerala na si Afrika Kusini kwenyewe? Kwa sababu serikali ya Kerala ilikuwa na msimamo mkali wa kupendelea programu huria, na DHIS ya zamani, ikiwa mgongoni mwa Access, isingepita mlangoni. Sababu ya kisiasa ndiyo iliyosukuma teknolojia, na mimi naamini ndivyo inavyokuwa mara nyingi kuliko tunavyofundishwa darasani.

Mwaka huo huo wa 2006, mwezi Februari, Eldoret nao walihama. Paul Biondich na Burke Mamlin, madaktari waliokuwa pia watengeneza programu, walikuwa wamefika huko mwaka 2004 wakaona mfumo wa Access umezidiwa na idadi ya wagonjwa wa virusi vya UKIMWI. Walichokiandika na wenzao kinaitwa OpenMRS. Na chenyewe ni Java, Spring na Hibernate. Mara ya pili timu mbili zinakutana kwenye kiunzi kile kile, safari hii wakiwa wanatoka kile kingine.

Kuna kichekesho hapa cha kutaja. Java yenyewe wakati ule haikuwa programu huria kamili. Richard Stallman, baba wa programu huru, aliandika mwaka 2004 akiwaonya watu kuwa programu yako inaweza kuwa huru huku imekaa juu ya kitu kisicho huru. Sun walitangaza kuifungua Java mwishoni mwa 2006. Maana yake ni kwamba wahamaji wetu walipanda feri kabla hawajaoneshwa hati za umiliki wake. Bahati ilikuwa upande wao.

Nani aliachwa nyuma

Mpaka hapa hadithi inasikika kama ushindi mtupu. Sio. Kuna kitu kilipotea njiani, na kama unasoma hiki kwa sababu unataka kutengeneza mifumo ya umma, tafadhali usikiruke kipande hiki.

Kumbuka yule afisa takwimu aliyeomba safu ikaongezwa mbele yake. Kwenye Access, mtu mwenye shauku na wiki mbili za mafunzo aliweza kuifungua programu, akaona fomu zilivyochorwa, akabadilisha. Hakuhitaji digrii. Kwenye DHIS2 ya mwaka 2006, ukitaka kubadilisha kitu ndani ya programu ilibidi ujue Java, ujue Spring, ujue Hibernate, ujue namna ya kuvijenga vyote pamoja, na uwe na intaneti ya kupakua maktaba zake. Mwaka 2006! Nyaya za baharini hazijafika. Ukifika kwenye mgahawa wa intaneti mjini Mwanza unalipia kwa dakika, na faili la megabaiti 50 ni ibada ya mchana mzima.

Kwa hiyo programu ilipata uhuru wa kukaa kwenye kompyuta yoyote, na wakati huo huo idadi ya watu walioweza kuigusa ndani ikapungua, na uzito wa kazi ukahamia Oslo. Utafiti wa HISP wenyewe haukulificha jambo hili; wameandika kurasa nyingi juu ya ugumu wa kuwaingiza watengeneza programu wa India, Vietnam, Tanzania na kwingineko kwenye teknolojia mpya kiasi kile. Na Afrika Kusini, nyumbani kwake, iliendelea na toleo la 1.4 la Access kwa miaka mingi baadaye. Wengine wanauita ule ukaidi. Mimi siwezi. Walikuwa na kitu kinachofanya kazi na watu wanaojua kukirekebisha.

Nikipima, bado naona kuhama kulikuwa sahihi. Ila ningependa tuache kusema kuwa mfumo "unafanya kazi popote" bila kuuliza nusu ya pili: unarekebishika wapi?

Kivinjari bila intaneti

Sasa ule uamuzi mdogo wa kivinjari. Fikiria ulivyoonekana wa kipuuzi: unatengeneza programu ya wavuti kwa ajili ya wilaya zisizo na wavuti. Suluhisho lao lilikuwa la kijanja. Walifunga kila kitu kwenye kifurushi kimoja kilichoitwa DHIS2 Live: seva ndogo na hifadhidata ndogo pamoja. Unabofya mara mbili, kompyuta yako inageuka seva, kivinjari kinafunguka na kuongea na kompyuta hiyo hiyo kilichomo. Intaneti haihitajiki. Kila wilaya ilikuwa na wavuti wake wa mtu mmoja. Mwisho wa mwezi data ilitolewa kama faili na kupelekwa juu, kwa flashi au barua pepe, na huko juu mtu alikaa akiunganisha mafaili, akikuta wilaya moja imebadilisha jina la zahanati na nyingine imesahau mwezi wa Machi.

Kisha kebo ya SEACOM ikafika pwani yetu Julai 2009, na EASSy ikafuata 2010. Kenya walikuwa wanajiandaa kusimika DHIS2 wilaya kwa wilaya kwa mtindo ule wa zamani. Walipofanya majaribio Mkoa wa Pwani wakaona kwamba modemu ya simu, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, inatosha kufungua seva iliyo mbali. Wakabadili mpango mzima. Seva moja, ya kukodi, na nchi nzima inaingia kwa kivinjari. Mwaka 2011 Kenya ikawa na mfumo wa kitaifa wa mtandaoni.

Hiyo ndiyo faida ambayo hakuna aliyeipangia mwaka 2004. Programu iliyohamishwa kutoka Windows ili iweze kukaa kwenye Linux ya wilayani iliishia kutohitaji kukaa wilayani kabisa. Kivinjari chenyewe kikawa feri. Mfumo endeshi wa kompyuta ya afisa haukuwa na umuhimu tena, na leseni ya Office iliacha kuwa tiketi ya kuingilia.

Kwetu Tanzania Bara mfumo ulisambazwa kwenye halmashauri zote kufikia mwaka 2013, Wizara ya Afya ikifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Angalia tarehe hiyo ukiwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Machi 2012 mkoa wa Geita ulizaliwa, sehemu yake kubwa ikitoka Mwanza. Simiyu nayo ikazaliwa. Na mwaka huo huo Ilemela ikawa manispaa yake yenyewe, Pasiansi ikiwa ndani yake. Zahanati ile ile, nesi yule yule, lakini namba zake sasa zinapanda kwenye mti mwingine. Kwenye Windows na Access, mabadiliko ya namna hiyo yangetakiwa kufanywa kwa mkono kwenye kila kompyuta ya kila wilaya iliyoguswa, na moja ikisahaulika, wagonjwa wa Geita wanaendelea kuhesabiwa Mwanza mpaka mtu ashtuke. Kwenye seva moja, mti unabadilishwa mara moja na kila mtu anauona umebadilika kesho yake asubuhi. Anayepanga dawa za malaria anahitaji kujua watu wako wapi.

Hadithi ya simu ni ndefu, nitaipita haraka. Ungedhani Android, ambayo programu zake ziliandikwa kwa Java tangu simu ya kwanza ya 2008, ingeipokea DHIS2 kwa mikono miwili. Wapi! Google walichukua lugha ya Java lakini wakajenga mashine pepe yao, Dalvik, isiyosoma baitikodi ya kawaida. Oracle, walioinunua Sun mwaka 2010, wakawashtaki mwaka huo huo, na kesi ikavutana mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipowapa Google ushindi Aprili 2021. Kwa mtengeneza programu maana yake ilikuwa moja: lugha ni ile ile, feri si ile ile, andika upya. Programu ya Android ya DHIS2 ni kazi ya peke yake, na inatunza data ndani ya simu mpaka mtandao upatikane. Kwa mhudumu aliye kisiwani Ukara hilo ni jambo la kwanza, si la ziada.

Na wale walioachwa nyuma mwaka 2006? Mlango ulifunguka tena, kutokea upande ambao haukutarajiwa. DHIS2 ilipotoa njia rasmi ya programu nyingine kuisoma na kuiandikia kupitia wavuti, mtu hakulazimika tena kuigusa Java ya ndani. Akijua JavaScript, ambayo nusu ya darasa lako wanaijua, anaweza kuandika programu ndogo inayokaa ndani ya DHIS2. Vijana wa HISP Tanzania waliitumia nafasi hiyo, na programu yao ya kutengeneza kadi za alama za halmashauri imewekwa kwenye ghala la pamoja ambalo nchi nyingine zinachukua. Leo DHIS2 inatumika katika nchi zaidi ya 70. Toka kuongeza safu mbele ya afisa takwimu mmoja mpaka hapo, ni safari ya kuzunguka sana.

Jambo moja la mwisho, kwa wanaopenda undani. Baada ya kuhangaika kote kuweza kukaa popote, upande wa seva umerudi kuwa mahali pamoja. Kifurushi cha Live kimestaafishwa, hifadhidata nyingine zimeachwa, imebaki PostgreSQL, na maelekezo rasmi ya kusimika seva yameandikwa kwa ajili ya Ubuntu. Kujaribu kila toleo kwenye kila mchanganyiko wa mfumo endeshi na hifadhidata ni gharama, na timu iliamua pesa hiyo iende kwingine. Tofauti na enzi za Access ni kwamba mahali hapo hapana leseni ya kununua, na msimbo wote uko wazi kwa anayetaka kuupeleka kwingine.

Ukitaka kuona kwa macho yako, huhitaji ruhusa ya wizara. Laptopu yenye Linux, Java, PostgreSQL na jioni moja ya bando vinatosha kuisimika nyumbani. Pakua pia data ya majaribio. Ukiingia na kukuta zahanati za Bo na Kailahun badala ya Ilemela na Sengerema, usidhani umekosea: mfano rasmi umejengwa juu ya ramani ya Sierra Leone.